Maajabu Yasiyofufua

Kwetu Bubukusu, mzee aliyeishi hadi akawapakata wajukuu hafukiwi tu kisha watu wakaenda zao. Siku ya tatu baada ya maziko wanarudi bomani kwake kumsikiliza omuswala kumuse, msemaji ambaye kazi yake hutoka katika koo fulani na hairukiwi na kila mwenye ulimi mwepesi. Uwanja huachwa wazi katikati. Anautembea huku na huku, fimbo mkononi, na kwa saa nyingi anaeleza koo zilikotokea, vita vilivyopiganwa, ndoa zilizounganisha watu, na mahali ambapo vijana wa leo wanapotelea. Ukimtaja Manguliechi mbele ya wazee wa Sirisia au Chwele wanaketi vizuri vitini, kwa jinsi alivyoimudu kazi hiyo. Wasomi wa vyuo vikuu walimsikiliza na kumwandika. Mimi naihesabu kumuse miongoni mwa kazi kubwa za fasihi za nchi hii.

Ila kumuse ina wenyewe. Ni ya mzee aliyekamilika. Mtoto akifa haisemwi, na kijana akifa haisemwi. Hata inaposemwa, vijana waliofiwa wako nyuma ya jikoni wanapasua kuni, wanateka maji, wanaosha sufuria za wageni. Hakuna anayesimama kuwahutubia wao. Nimejiuliza miaka mingi ni nani anayezungumza na mtoto wa miaka kumi na minne aliyefiwa, na jibu nililolipata ndilo lililonifanya niwe mwalimu wa aina niliyo: wa kusomesha na kuandikisha hadithi za vijana ambamo msiba na maajabu vinakaa nyumba moja.

Nilizaliwa Lwakhakha, pale ambapo mto wenye jina hilohilo unashuka kutoka Mlima Elgon na kuitenga Kenya na Uganda. Ng'ambo wako Bagisu, ambao lugha yao twaielewa bila mkalimani. Tunaoana nao, tunauziana mahindi na vitunguu, tunazikana. Mdogo wangu aliyenifuata ziwa alifariki nikiwa darasa la saba, msimu wa mvua, kwa homa. Ninachokumbuka kuliko vilio ni maagizo. Nyamaza, utamliza mama. Jikaze, wewe ndiye mkubwa. Amelala. Ametangulia. Mungu amempenda kuliko sisi. Kila mtu mzima aliyenishika bega alikuja na neno la kunifunga mdomo, na alilisema kwa upendo, nami nikajikaza hadi taya likaniuma.

Wageni walipotawanyika, kukhu, yaani nyanya yetu, alituita sisi wajukuu wake jikoni akaanza kusimulia. Alisimulia habari za linani, zimwi lililokimeza kijiji kizima: watu, ng'ombe, kuku, hadi mbwa. Alibaki mtoto mmoja aliyekuwa amejificha. Mtoto akakua, akanoa panga, akapambana na lile zimwi, nalo lilipozidiwa likamwambia akikate kidole chake kidogo. Alipokikata, wote waliomezwa wakatoka wakipepesa macho kwa mwanga, hata wale waliomezwa zamani ambao hakuna aliyewakumbuka tena. Nilikuwa naijua hadithi hiyo. Usiku ule nikamkatiza na kumuuliza kama mdogo wangu naye angetoka.

Kukhu hakukasirika kukatizwa. Akasema, “Hawa walimezwa. Ndugu yako hakumezwa, alikufa. Aliyekufa hatoki kidoleni.” Kisha akaendelea na hadithi pale alipoiachia.

Alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniambia waziwazi. Nililia usiku kucha, na mama alilia pamoja nami, na hakuna lililoharibika. Nimewasimulia watu wengi habari hii, na wengi hushangaa kwamba mwanamke mzee angemjibu mtoto hivyo. Mimi nashangazwa na jambo jingine: kwamba aliweza kusema ukweli ule kwa sababu tulikuwa tayari ndani ya hadithi. Mchana, uani, mbele ya wageni, asingeweza. Zimwi ndilo lililompa nafasi.

Tazama pia habari za Mango, ambazo kila mvulana wa Kibukusu anazisikia kabla ya kutahiriwa mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa. Tunazisimulia kama habari za ushujaa na asili ya tohara. Joka lililoitwa yabebe lilikaa pangoni, mahali ambapo hadi leo panaitwa Mwiala wa Mango, likawaua watu na mifugo. Mango akajificha mle pangoni na silaha yake, akangoja lirudi na kujikunja, akalikata kichwa. Kichwa kikaruka na kuuma mti, na mti ukanyauka. Ndipo jirani zetu Wasabaot, wale tunaowaita Barwa, walipokubali kumtahiri. Haya yote hukaririwa. Lakini wanaosimulia vizuri wanaanzia nyuma zaidi: joka lilikuwa limemlia Mango watoto. Mtu aliyeingia pangoni alikuwa baba aliyefiwa, na kabla ya kuwa shujaa alikuwa mtu asiyejali tena kama atatoka. Joka likafa, na watoto hawakurudi. Hakuna msimulizi niliyemsikia akiwarudisha. Desturi yetu kubwa kuliko zote imesimama juu ya hadithi ya maajabu ambayo haikuthubutu kufuta kifo.

Mwaka 2008 nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari upande wetu wa mpaka. Ulikuwa wakati mbaya. Ugomvi wa mashamba ya Chepyuk, kule juu mlimani, ulikuwa umezaa kundi la Sabaot Land Defence Force, na kuanzia 2006 watu waliuawa, wakakatwa masikio, wakakimbia makwao hadi Bungoma na hadi Uganda. Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na wanaume wengi wakakusanywa. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba kundi lile liliua zaidi ya watu 600, na baadaye likaandika kwamba zaidi ya 300 walitoweka mikononi mwa pande zote mbili na hawakuonekana tena. Kutoweka ni msiba wa namna yake. Hakuna jeneza, hakuna siku ya tatu, hakuna kunyoa nywele. Mama anaendelea kuweka sahani.

Darasani mwangu waliketi Wasabaot na Wabukusu, na wengine wachache kutoka ng'ambo ya mto. Baba wa huyu alikuwa ametoroka kwa sababu ya watu wa ukoo wa yule. Hawakugombana. Walikuwa wapole kupita kiasi, na upole ule ulinitisha. Nikaanzisha chama cha hadithi, Ijumaa baada ya masomo, na nikawaomba waandike kuhusu mlima, mto, soko, chochote, kwa sharti moja: lazima kuwe na jambo moja lisilowezekana. Tuliandika kwa Kiswahili. Kiswahili hakikuwa cha mama wa mtu yeyote mle chumbani, kwa hiyo hakikuwa na upande. Mtoto wa Kisabaot aliposoma habari za moto kwa Kiswahili, mwenzake wa Kibukusu aliweza kuusikia moto kabla ya kulisikia kabila.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye baba yake alichukuliwa usiku na hakurudi, aliandika hadithi ya daraja letu la mpakani. Aliyewahi kusimama Lwakhakha na simu anajua jinsi inavyosumbua: ukisogea hatua chache inashika mtandao wa Uganda, ukirudi inashika wa Kenya, na katikati kuna mahali ambapo inatangatanga na haishiki popote. Katika hadithi yake, mahali hapo, kwa muda huo mfupi ambao simu si ya nchi yoyote, laini ya baba inaita. Yule mwanamke asiyeonekana ambaye siku zote hutuambia mteja hapatikani ndiye mlinzi wa daraja. Ana masharti. Kila simu inalipiwa kwa kumbukumbu moja. Msichana wa hadithi anapiga mara ya kwanza, anasikia sauti ya baba akiuliza kama mahindi yamepandwa, anafurahi, na akifika nyumbani hawezi tena kukumbuka jinsi baba alivyokuwa akipiga mluzi. Mara ya pili anapoteza harufu ya koti lake. Anaendelea kukwangua kadi, anaendelea kupiga, hadi anatambua kwamba anamsikia mtu ambaye hamjui tena.

Niliusoma mswada ule nikiwa nimesimama. Msichana huyo hakuwa amewahi kusoma kitabu chochote cha aina hiyo. Alikuwa ameyachukua maajabu kutoka mahali palepale alipoishi, kwenye kadi ya simu na sauti ya mashine, na akayapa sheria kali kuliko zote nilizowahi kuziona katika ngano za kasri na wafalme.

Alipowasomea wenzake, ugomvi ulizuka, wa kwanza wa kweli tangu tuanze. Mvulana mmoja alitaka baba avuke daraja mwishoni. Ni hadithi, alisema, wewe ndiye unayeandika, mvushe. Kabla msichana hajajibu, mwingine kutoka nyuma akasema kwa sauti ya juu, “Kama babake anavuka, wangu mbona havuki?” Msichana akamgeukia yule wa kwanza. “Umesikia? Ndiyo maana havuki.” Wakaendelea kubishana hadi mlinzi wa shule alipokuja na funguo zake, nami sikuwazuia. Siku ile nilielewa kwamba mwandishi anayemfufua mfu ili kumfurahisha msomaji amemsahau msomaji mwingine, aliyeketi nyuma, ambaye maiti wake hawezi kufufuliwa na mtu.

Habari zilifika vijijini. Mzee mmoja wa kanisa la Friends, mtu anayeheshimika, alikuja shuleni na kofia mkononi. “Mwalimu,” akasema, “nasikia mnawafundisha watoto kuzungumza na wafu.” Sikulichukulia swali lake kuwa ushamba. Katika nchi ya emisambwa, ambako wahenga huja ndotoni kudai kuku, mzee Mkristo ana sababu ya kuogopa. Nilimkaribisha kiti, nikamwomba msichana amsomee. Alisikiliza hadithi yote, mikono juu ya fimbo. Palikuwa na mahali ambapo baba, kutoka upande wa pili wa simu, anasema ana njaa. Mzee akainua kidole. “Hapo mwanangu paondoe. Mtu anaweza kuuliza mahindi. Lakini akiomba chakula, huyo si baba yako, ni kitu kingine.” Msichana akafikiri, akapafuta. Kwa maoni yangu alifanya vyema, na hadithi ilipata nguvu zaidi, kwa sababu sasa hapakuwa na kafara ya kutoa wala deni la kulipa. Ilibaki hamu tupu. Yule mzee alikuwa mhariri bora kuliko wengi niliokutana nao baadaye mjini.

Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka upande wa Bududa, ng'ambo ya mpaka, ukakifukia kijiji cha Nametsi. Mamia ya watu walikufa au hawakupatikana. Kwetu kulikuwa na jamaa zao. Chama cha hadithi kikajaa tena, na safari hii jambo lisilowezekana katika hadithi nyingi lilikuwa ardhi inayosikia: udongo unaojuta, mawe yanayohesabu majina. Sikuwaelekeza.

Baadaye rafiki alinipa kitabu cha Patrick Ness, A Monster Calls, kilichotoka 2011. Wazo lake lilikuwa la Siobhan Dowd, mwandishi wa vijana aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla hajakiandika, na Ness akakiandika kwa ajili yake. Mvulana aitwaye Conor ana mama mgonjwa mahututi. Usiku, dakika saba baada ya saa sita, mti mkubwa unageuka zimwi na kumjia. Zimwi linamsimulia hadithi tatu, kisha linadai ya nne kutoka kwake: ukweli ambao hathubutu kuusema, kwamba amechoka kiasi cha kutamani yaishe, hata kama kuisha ni mama kufa. Nilikisimulia kwa Kiswahili Ijumaa kadhaa mfululizo. Kwanza walibishana kuhusu mti. Mkaratusi haufai, walisema, huo hupandwa ili ukatwe nguzo. Wakaafikiana juu ya mkuyu. Lakini tulipofika kwenye hadithi ya nne hakuna aliyebisha. Mvulana mmoja, aliyekuwa amemuuguza mama yake hadi mwisho, alinifuata nje akaniambia, “Mwalimu, nilidhani ni mimi peke yangu.” Alikuwa amelibeba jambo hilo tangu shule ya msingi. Mchungaji alikuwa amemwombea, shangazi zake walikuwa wamemsifu kwa uvumilivu, na hakuna kati yao ambaye angeweza kulitoa, maana kulitoa kulihitaji kwanza mtu amwambie kwamba linasemeka. Zimwi la Uingereza lilifanya kazi ileile ya linani la kukhu.

Ukichunguza rafu zetu za Kiswahili utaona kwamba malighafi tunayo tangu zamani. Shaaban Robert alituachia Adili na Nduguze, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001, Said Ahmed Mohamed alimtoa babu kaburini amwonyeshe mjukuu mwenye cheo uozo wa nchi. Kyallo Wamitila alimpeleka msafiri wake katika dunia ya ndoto kwenye Bina-Adamu!, 2002. Ni vitabu vikubwa, nami huvisomesha. Lakini maajabu yake yanalenga tabia, siasa na hali ya ulimwengu. Mtoto aliyezika wiki iliyopita anapita ndani yake bila kuulizwa hali.

Aliyemuuliza hali alikuwa wa kwetu. Ken Walibora, mwana wa Bungoma aliyekulia upande wa Kitale, alichapisha Siku Njema mwaka 1996, na Kongowea wake, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama mwimbaji wa taarabu, akawa ndugu wa kila yatima aliyewahi kukaa dawati la nyuma. Safari ndefu ya Kongowea kumtafuta baba ina mwendo wa ngano hata pasipo zimwi. Tawasifu yake mwenyewe aliipa jina Nasikia Sauti ya Mama. Alipofariki Nairobi, Aprili 2020, kwa kugongwa na matatu, na akazikwa Trans Nzoia wakati maziko yote yalikuwa ya watu wachache kwa sababu ya korona, wanafunzi wangu wa zamani walinipigia simu mmoja baada ya mwingine. Walikuwa watu wazima, wengine na watoto. Walitaka kuzungumza habari za Kongowea. Walimlilia mwandishi kupitia kwa mtoto aliyembuni, na mimi pia.

Sasa niko Kitale, na Jumamosi hukutana na vijana wanaoandika. Ninawashauri mambo machache, yote nimeyatoa kwa watoto wa daraja. Wayatafute maajabu mahali wanapoishi. Wayape bei, na mhusika ailipe kweli. Wamruhusu aliyefiwa akasirike, hata amkasirikie marehemu, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo matanga yetu hayampi nafasi ya kulisema. Na wasimfufue mtu.

Mmoja wao, kijana wa Endebess aliyefiwa na dada yake, amemaliza mswada kuhusu pango la Kitum. Ni kweli kwamba tembo wa Elgon huingia mapangoni usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, na kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Katika kitabu chake, chumvi hiyo ni machozi yote yaliyowahi kumwagwa mlimani, pande zote mbili za mpaka, ya Barwa na ya Babukusu na ya Bagisu, yakiwa yameganda. Tembo huja kuyala ili mlima usizame. Mhusika wake anawafuata akitafuta chumvi ya msiba wake mwenyewe, kwa sababu hataki iliwe. Anaogopa kwamba ikiliwa, atakuwa amemsaliti dada. Sitasema anafanya nini akiikuta.

Mhariri mmoja alikipenda, akaandika kwamba atakichapisha iwapo sura ya mwisho itabadilishwa: dada atoke pangoni akiwa juu ya tembo. Wasomaji wadogo, alisema, wanahitaji matumaini. Nilimpa kijana barua ile aisome mwenyewe na aamue mwenyewe, maana kitabu ni chake na msiba ni wake. Aliandika jibu siku hiyohiyo, kwa adabu, aya moja. Alisema mama yake atakuwa msomaji wa kwanza wa kitabu hicho, na angependa mhariri amweleze atamwambia nini mama yake baada ya ukurasa wa mwisho.

Jibu halijaja. Wiki hii tunaupiga chapa mswada upya, na sura ya mwisho iko vilevile, ili tuupeleke kwa mchapishaji mwingine.